Dirisha Lisilo na Chumba

4 Mei

Mama, heshima yako,

Ni mimi dalali wako, Bwana Funguo. Natumai huko kwema. Huku si kwema sana, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupita ofisini kwako shuleni. Haya mambo nikiyasema mbele ya wale walimu watanicheka mpaka likizo.

Mkaguzi wa wanunuzi amemaliza kazi. Paa zuri, isipokuwa pembe moja ya nyuma inavuja. Choo hakina neno. Nyaya za umeme za zamani lakini zinafaa. Sasa, yule mkaguzi ni mtu wa ajabu, haongei. Alizunguka nyumba kwa nje akihesabu madirisha. Akaingia ndani akayahesabu tena. Yakapungua. Nje kuna dirisha moja, lile ambalo tangi la maji limeliziba nusu, mbao zake zimepigiliwa misumari. Ndani halipo. Akaenda kwenye korido, akagonga ukuta kwa kidole, akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Dalali," akaniambia, "hili dirisha chumba chake kiko wapi?"

Mama yangu, katika kazi hii nimeona watu wakificha nyufa kwa kabati, wakificha choo kilichoziba, na mmoja alimficha mama mkwe mpaka siku ya kukabidhi nyumba. Lakini mtu kuficha chumba kizima, tena chumba ambacho kingempandishia bei, hiyo sijaona. Mkataba mlioutia saini wewe na mumeo unasema vyumba viwili vya kulala. Nyumba ina vitatu.

Wanunuzi wameingiwa na wasiwasi. Mke kasema hatalala ndani ya nyumba yenye chumba asichokijua. Wakili wao ameandika marekebisho ya mkataba, nimeyaweka humu ndani ya bahasha. Kwa kifupi: ukuta ubomolewe, chumba kikabidhiwe kitupu, "vyumba viwili" isomeke "vyumba vitatu", na nyote wawili msaini upya kabla ya tarehe kumi Juni. Bila hivyo wanarudishiwa malipo yao ya awali na kila mtu anashika njia yake.

Niambie niwajibu nini. Na kama kuna kitu humo ndani cha kunitia mimi mashakani, niambie mapema nianze kuumwa.

Dalali wenu,
Bwana Funguo


6 Mei

Fundi,

Salamu. Mimi mzima, kazi inaendelea. Natumai kwenye jengo lenu huko hakujaanguka kitu wala mtu.

Nakuandikia kwa sababu ya nyumba. Simu sikutaka. Unazijua simu zetu: hujambo, sijambo, halafu tunasikilizana pumzi mpaka salio linakwisha. Barua nampa kondakta wa basi lile lile, atakuachia getini.

Mkaguzi amekiona chumba. Nilisoma barua ya dalali ofisini, katikati ya fomu za wanafunzi wapya, nikakaa nione nitasikia nini. Sikusikia kitu. Nikapiga muhuri fomu zilizobaki, nikaenda nyumbani.

Kilichonishangaza ni kingine. Niliutoa mkataba nikausoma upya. Vyumba viwili. Mimi ndiye niliyemtajia wakili, wewe ukausoma, ukanirudishia na saini yako, na hakuna aliyesema, jamani, mbona vitatu? Nikajiuliza kama nilidanganya. Sikudanganya. Hata mbele ya hakimu ningesema viwili, na moyo wangu ungekuwa mweupe kabisa. Tulimzika mtoto, Kiroboto wetu, mimi nikapelekwa kwa dada yangu kwa sababu nilikuwa sili, niliporudi nikakuta mlango wa chumba chake umekuwa ukuta. Tangu hapo, miaka tisa sasa, nyumba hii ina vyumba viwili. Hatukulizungumza hata siku moja, na naona tumelizoea vizuri mno.

Nimemwambia dalali awaombe wapunguze bei, wauchukue ukuta kama ulivyo. Chumba kitupu cha nini? Sidhani watakubali. Sema na wewe.

Mimi nahitaji nyumba hii iuzwe. Dada yangu amenipatia ukarani kwenye shule ya kwao, na chumba cha kupanga nimeshawekewa. Siwezi kupita kwenye korido ile mwaka mwingine nikienda jikoni. Sisemi kwa ubaya. Nasema kama mtu anavyosema goti linamuuma.

Mwenye nusu ya nyumba


10 Mei

Mama, heshima yako,

Wamekataa. Nimewapunguzia bei mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu, wamekataa. Mume anasema angekuwa peke yake angechukua hivyo hivyo. Mke anasema mtu akikuuzia mkoba halafu akakwambia mfuko mmoja usiufungue, wewe utanunua? Yule mama angefaa kuwa wakili.

Majirani nao wameshanusa. Mmoja kaniuliza kama kweli mmepata hela ndani ya ukuta. Nimemwambia ndiyo, na deni lake la maji pia tumelikuta humo.

Ukuta ama uende, Mama, ama wao waende.

Bwana Funguo


12 Mei

Mke wangu,

Barua nimepata. Mimi mzima, mgongo tu. Tunajenga bweni la ghorofa tatu na msimamizi ni kijana wa juzi anayeniita mzee kila akinikosoa.

Ukuta haubomolewi. Mwambie dalali awatafutie watu wake nyumba nyingine, nyumba zimejaa kila mahali. Nilikubali kuuza kwa sababu ulitaka, na nilijua mnunuzi atauona ukuta kama ukuta. Nani anahesabu madirisha? Katika maisha yangu ya ujenzi sijawahi kumwona mtu akihesabu madirisha.

Kama ni kuondoka, ondoka, nenda kwa dada yako, nyumba tutapangisha. Sikuzuii. Wewe ndiye uliyebaki pale wakati mimi nimekimbilia huku, haki ya kuchoka unayo.

Na hata tukikubali hayo marekebisho yao, vile vitu utaviweka wapi? Chumba cha kupanga hakitaingia kitanda chako na chake. Watakuja watu wasiomjua, wavishike, waulize hiki bei gani. Sitaki, mke wangu. Nisamehe, lakini hilo sitaki.

Mimi,
Fundi


14 Mei

Fundi,

Vitu gani?

Mpe jibu kondakta huyu huyu.


18 Mei

Mke wangu,

Kondakta sikumpa jibu siku ile, kalamu ilinigomea. Niliisoma barua yako kazini, wenzangu wakaniuliza nani amefariki.

Vitu vyake. Vyote. Kwani wewe ulidhani nini?

Ngoja nikueleze, maana naona sijawahi kukueleza. Ulipochukuliwa na dada yako, mimi nilibaki na ndugu zangu. Dada yangu mkubwa akaja na magunia. Akasema vitu vya mtoto vigawiwe haraka, mkeo akirudi asikute hata soksi ya kumkumbusha, ndivyo watu wanavyopona. Nikamwambia, dada, tumngoje mwenyewe arudi. Akasema wewe mwanamume, haya mambo huyajui. Unamfahamu dada yangu. Yeye ndiye aliyenilea, sijawahi kumwambia hapana nikiwa nimemtazama usoni. Nikasema sawa.

Asubuhi akaenda sokoni kununua kamba za kufungia magunia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na matofali yaliyobaki ya uzio, unayakumbuka. Aliporudi alinikuta nimefika usawa wa kifua. Akaniita mwehu, akaniita mchawi, akalia pale pale kwenye korido na kamba zake mkononi. Nikaendelea. Ni kazi ninayoiweza. Mtu mwingine angefunga kufuli, lakini kufuli dada angeniomba ufunguo, na mimi ningempa.

Ndani sikugusa. Kitanda kiko vile vile ulivyomnyanyua kwenda naye hospitali, shuka limekunjika upande. Nguo ziko kwenye lile sanduku la bluu. Viatu vya shule viko chini ya dirisha, kimoja kimelala. Hata lile bakuli la uji sikulitoa. Nilisema ni lako, utakuja kulitoa wewe.

Na nikwambie siri ya ufundi. Ukuta ule ni mbovu. Mchanga mwingi, saruji ya kuonjea tu. Kibarua wangu akijenga hivyo namfukuza. Nilijenga makusudi, siku utakayosema fungua, niutoe kwa mkono bila kutikisa nyumba. Juu nikapiga plasta nzuri na rangi ili dada asijaribu.

Uliporudi ukasimama, ukautazama, ukaenda jikoni ukabandika maji. Nikasema ameelewa. Atasema siku yake. Nikangoja. Ukawa unanipikia, unanifulia, husemi. Nikapata kazi huku, nikasema akisema nitarudi. Hukusema.

Kumbe ulijua nimevitoa. Ulikuwa unanipikia huku ukijua nimevitoa.

Baba Kiroboto


20 Mei

Bwana Funguo,

Waambie wanunuzi nimekubali marekebisho yote kama wakili wao alivyoandika. Bei ibaki ile ile, punguzo lako lifute, usijifanye umesahau.

Mwambie yule mama kwamba ndani hakuna jini wala maiti. Ni chumba cha mtoto. Alikuwa binti yetu, alifariki kwa homa akiwa na miaka sita. Vitu vyake vimo. Jumamosi tarehe thelathini mume wangu anakuja kufungua, njoo na wewe uwe shahidi wa wanunuzi.

Usije na uso wa msiba. Njoo na uso wako wa kila siku, huo huo wa kutafuta kamisheni.

Karani


20 Mei

Baba Kiroboto,

Jina hili sijaliandika siku nyingi, kalamu imeliona kama la mtu wa mbali.

Niliporudi kwa dada, harufu ya rangi ilinipokea mlangoni. Nikautazama ukuta wako, nikasema moyoni, huyu mwanamume amemfuta mtoto kwa mwiko wake wa uashi. Kavigawa vyote, na ili nisione chumba kitupu, kaziba. Sikuuliza. Nilijua ningeuliza ungesema ndiyo, na ukishasema ndiyo nisingeweza kukuwekea chakula mezani tena. Nikaona bora nisijue kwa mdomo wako. Basi nikabandika maji. Ulipoondoka kwenda huko kazini nilishukuru, nakwambia ukweli. Nilikaa sebuleni nikanywa chai, nikasema sasa umebaki ukuta tu wa kuchukia, yeye na kelele zake kaondoka.

Na wewe ulikuwa unavilinda.

Sijui nisikie nini. Natafuta, sipati. Niko hapa sebuleni, ukuta ule pale, na nyuma yake kuna viatu, kimoja kimelala. Nimepita hapo kila siku na sufuria mkononi. Nimepita na ndoo, na nguo za kupiga pasi, na vyakula vya wageni. Ningenyoosha mkono ningegusa.

Marekebisho nimeyakubali, ila si kwa ajili ya wale wanunuzi. Njoo Jumamosi tarehe thelathini, basi la asubuhi. Ulisema unangoja niseme. Nimesema. Fungua.

Mama Kiroboto


31 Mei

Mke wangu,

Sikuja. Sitasingizia gari.

Tiketi nilikata. Nilifika stendi mapema, nikakaa kwenye benchi na begi la vifaa mapajani, tindo na nyundo ndogo, na shati la kubadilisha. Basi likapiga honi. Kondakta wetu akaniita, "Mzee, panda, tunaondoka." Nikamwambia nakuja. Likaondoka. Usidhani nilitetemeka au nililia. Miguu tu haikuwa na habari na mimi. Nikakaa pale mpaka mama wa chai akanifagia chini ya miguu mara mbili.

Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni hivi: kwa vile pamefungwa, mimi nilikuwa bado na kazi. Mlinzi. Pakifunguliwa, nani ananiajiri? Hayo ni maneno ya kijinga, lakini ndiyo niliyonayo.

Usimngoje mtu kama mimi. Tafuta kibarua. Mwambie aanzie juu, tofali la pili chini ya linta, ile boriti ya juu ya mlango, upande wa kushoto. Hilo sikuliwekea saruji kabisa, anaweza kulivuta kwa vidole. Akishalitoa hilo mengine yatamfuata. Asitumie nyundo kubwa, kitanda kiko karibu.

Nisamehe,
Baba Kiroboto


4 Juni

Baba Kiroboto,

Maelekezo yako yamefika leo. Tulishafungua Jumamosi ile ile, kwa ujinga wetu, tukaanzia katikati.

Nilikwenda stendi. Basi la asubuhi likateremsha watu wote, la mchana likateremsha wote. Nikarudi. Dalali alikuwa amekaa kibarazani tangu saa tatu, shati la pasi, viatu vya ncha, hajathubutu hata kuomba maji. Nikamwambia mwenye ukuta hajafika. Akanitazama, akavua shati akalitundika kwenye bomba la tangi, akabaki na fulana. "Mama, nyundo iko wapi?" Alijipiga kidole mara ya kwanza tu, akatukana, akaniomba radhi, akaendelea. Ulisema kweli, saruji yako ilikuwa ya kuonjea. Ukuta ulishuka kama biskuti kwenye chai. Vumbi lilipotulia akarudi nyuma, akasema, "Tangulia wewe."

Sasa nikwambie, na ukae chini. Ile pembe ya paa inayovuja ni ya chumba kile. Maji yamekuwa yakiingia miaka yote, na kwa jinsi ulivyoziba, hata upepo haukupata njia. Godoro limeoza. Sanduku la bluu nililifungua, nguo zikanibaki vidoleni vipande vipande, sikujua lipi gauni lipi shuka. Daftari zake zimekuwa donge. Viatu vimo kweli, kimoja kimelala, vimejaa ukungu mpaka sikuona rangi. Mchwa wamekula kitanda kuanzia miguuni. Nilikiwekea mkono tu, kikakaa chini chenyewe. Bakuli ndilo lililokuwa zima, na hilo ni la dukani, tuna matatu ya namna hiyo jikoni. Hakuna hata kimoja cha kubeba, Baba Kiroboto. Dalali alitoka nje akajifanya anaongea na simu. Nilimwona kwa dirisha la sebuleni, simu alikuwa ameishika kichwa chini.

Nakwambia si kwa kukulaumu. Ungenieleza siku ile ningevikuta. Ningekuuliza siku ile ningevikuta. Nimepiga hesabu hiyo kila upande, inatoka sawa.

Sikulia. Nilichukua ufagio nikafagia. Tulijaza magunia, dalali akayabeba mgongoni na ile fulana yake. Niling'oa misumari ya dirisha mmoja mmoja, nikalifungua. Chumba ni kidogo kuliko nilivyokuwa nacho kichwani. Kinapata jua zuri asubuhi, nilikuwa nimesahau kabisa.

Jana nilikwenda kwa wakili kusaini upande wangu. Wanunuzi walikuwepo. Yule mke ni mtu mpole tu, mwenye kikohozi. Akaniambia pole. Halafu akaniuliza, "Alikuwaje?"

Watu wote huniuliza alikufaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza alikuwaje. Nikafungua mdomo nimwambie, na hakuna kilichokuja. Nilitafuta sauti yake nikakuta ukuta. Nikatafuta uso, nikakuta wewe na mwiko wako, wewe ambaye hata sikukuona ukijenga. Miaka tisa nimekuwa nikikukumbuka wewe. Yeye sikumkumbuka, sikuwa na nafasi. Hapo ndipo nilipolia, pale kwenye kiti cha wakili, kalamu mkononi. Nililia kwa sauti, kama mtu aliyepigwa, mpaka karani wao akasogeza zile karatasi zisilowe. Nadhani nililia mpaka nikawatia watu hasara ya muda. Kisha nikasaini. Vyumba vitatu.

Saini yako bado. Wakili anakungoja, mwisho ni tarehe kumi, usipotokea wale watu wanaondoka na mimi nabaki hapa. Lakini si hilo tu ninalokuitia. Hasira niliyokuwa nayo juu yako ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi. Imekwisha, nimeitafuta kote, na sijui sasa niamke na nini. Mimi nilikuwa nikimwogesha na kumvalisha tu, mbio mbio, nisichelewe kazini. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka shule kwa miguu, kila siku, yule mtoto na wewe peke yenu barabara nzima.

Panda basi. Njoo uniambie mlikuwa mkiongea nini.

Mama Kiroboto